Mpira wa Pili

"Kumi na mmoja," alisema Daktari Barasa, akiligonga daftari kwa kalamu. "Mwaka jana mwezi wa pili niliwawekea watu kumi na mmoja mipira ya ndani. Kumi walinifuata Eldoret, nikawatolea kwa mikono yangu hii. Wa kumi na moja yuko wapi?"

Jerotich alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama, kwa sababu akikaa tu mtu humtafutia kazi. Alikuwa mpiga picha za eksirei katika Hospitali ya Tumaini, nje kidogo ya Kanamkemer mjini Lodwar. Alikuwa na diploma moja, watoto wawili na miaka tisa ya joto la Turkana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichompunguzia mdomo.

"Soma jina, Daktari. Mimi si mganga."

"Amou Bior. Kakuma. Hapa imeandikwa, 'Mpira umetolewa.' Umetolewa na nani?"

Jerotich aliweka kikombe chini. Aliutambua ule mwandiko. Ile "m" yenye miguu mirefu ilikuwa yake mwenyewe.

Daktari Barasa alikuwa bingwa wa figo na njia za mkojo, mzaliwa wa Bungoma aliyefanya kazi Eldoret. Alikuwa akija Lodwar mara moja kwa mwaka na sanduku lake la vyuma, akafanya upasuaji siku nne mfululizo, kisha akaruka. Ndege yake ilikuwa kesho Ijumaa, saa sita za mchana. Leo ilikuwa Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, mwezi wa Aprili 2013.

Mpira wa ndani si kitu kikubwa. Ni mrija mwembamba kama tambi, wenye tundu katikati, uliojikunja ncha zote mbili kama mkia wa nguruwe. Mkunjo mmoja unakaa ndani ya figo, mwingine ndani ya kibofu, na katikati unaishikilia wazi njia ya mkojo baada ya jiwe kuondolewa. Huwekwa kwa wiki sita. Ukisahauliwa huota ukoko mweupe kama birika la maji ya chumvi ya Lodwar, na siku moja njia inaziba kabisa.

"Nilipiga simu mimi," alisema Jerotich. "Walinipa orodha niwafuatilie wagonjwa. Nikauliza Kakuma, 'Yule mama, mpira wake umetoka?' Wakasema, 'Umetoka zamani.' Nikaandika."

"Umetoka kwa kifaa gani? Kakuma nzima hakuna darubini ya kuingia kwenye kibofu. Ninayo mimi, iko pale sandukuni."

"Ndiyo maana nimeweka kikombe chini."

Wakatazamana. Mgonjwa wa Barasa akitoka kwenye upasuaji huwa na mipira miwili. Wa kwanza ni ule wa kawaida wa mkojo, unaoonekana, unaoning'inia hadi kwenye mfuko. Huo hata mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuutoa. Wa pili uko ndani, na mgonjwa hauoni wala hausikii. Yote miwili, kwa Kiswahili cha wodini, ni mpira. Na mpira ni mpira.

"Jerotich," alisema Barasa polepole, "huyu mama ana figo moja tu. Alizaliwa hivyo. Wengine wangu wakiziba upande mmoja, wana wa akiba. Huyu hana."

"Nimesikia. Usirudie."

Alikuwa ameshatoa simu. Upande wa pili alipokea Nawoi, muuguzi wa Kliniki ya Baraka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma Moja, Mturkana mchangamfu aliyejua kila mtu na ugonjwa wake.

"Nawoi, ejok?"

"Ejok-noi, madam! Umepotea."

"Nimepatikana. Amou Bior, mama wa figo moja, mwaka jana. Ulimtoa mpira?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Ulitoa vipi? Niambie kama unavyomwambia mtoto."

"Si nilichukua sindano, nikanyonya maji ya puto, nikavuta, ukatoka laini kabisa. Nikatupa. Kwani?"

Puto. Puto hushikilia mpira wa mkojo usitoke; mpira wa ndani hauna puto. Jerotich alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Ule mwingine bado uko ndani, Nawoi. Miezi kumi na minne. Daktari anaondoka kesho saa sita. Mtafute Amou, mwombee karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, mimi niko njiani."

"Uuwi! Madam, alihama mtaa baada ya mafuriko. Na hapa kina Amou ni wengi kuliko mawe. Ngoja, nitamwambia Madut wa kanisani atangaze na kile kipaza sauti chake."

"Mwambie aseme vizuri."

"Atasema vizuri."

Jerotich alienda stoo akachukua mpira mmoja wa mkojo na mpira mmoja wa ndani, kila mmoja ndani ya karatasi yake, akaitia kwenye mkoba pamoja na chupa tatu za maji. Alimpigia jirani yake Wangari: "Watoto wangu wakitoka shule, wape ugali. Wakikuambia nimewaruhusu soda, ni waongo." Kisha akaenda kumtoa Ekiru, dereva wa hospitali, chini ya gari.

"Madam, hiyo breki bado mimi naangalia."

"Inashika?"

"Inashika."

"Basi umeshaiangalia. Twende."

Barabara ya Kakuma wakati ule lami yake ilikuwa imebaki vipande vipande, na Ekiru aliona heri kupita kando yake kuliko juu yake. Anga upande wa Uganda lilikuwa limevimba, jeusi. Ekiru alilitazama mara mbili, akaongeza mwendo. Mvua ya mbali huleta maji kwenye laga, ile mito mikavu isiyo na tone, na laga ikijaa hakuna diploma inayoivuka. Saa saba kasoro walikuwa wanaingia Kakuma.

Mbele ya Kliniki ya Baraka kulikuwa na umati. Jerotich aliruka chini kabla gari halijatulia.

Aliyemfikia wa kwanza alikuwa kijana wa Kinuer mrefu kama nguzo ya simu, amevaa jezi, ana mpira wa miguu kwapani na uso wa hasira.

"Wewe ndiye madam wa Lodwar? Mimi naitwa Gatluak, kapteni. Huu mpira tulipewa na shirika. Tuko na barua! Hatukuiba ya hospitali!"

"Nani amesema mmeiba?"

"Kanisa! Kanisa imetangaza!"

Nyuma yake wanawake kadhaa walikuwa wameshikana mabega, wanacheka hadi machozi. Nawoi alijipenyeza katikati yao, kofia yake ya uuguzi imekaa upande.

"Madam, usinikasirikie. Mimi nilimwambia Madut aseme vizuri."

"Alisema nini?"

Madut mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mzee nadhifu mwenye shati jeupe, kipaza sauti kimemning'inia begani kama bunduki. Alijibu kwa heshima zote:

"Nilisema hivi: 'Amou Bior, popote ulipo, uko na mpira ya hospitali ya Lodwar tangu mwaka jana. Daktari anaitaka leo. Tafadhali lete, kanisa isipate aibu.'"

"Halafu kina mama wakaanza kuulizana ni mpira gani," alisema Nawoi, akijifuta machozi, "kama ni ule wa kucheza au ule wa... wa waume. Wengine wanasema mwaka mzima kweli, si umechakaa?"

Wale wanawake waliangua kicheko upya. Jerotich naye angecheka siku nyingine. Aliangalia saa.

"Amou amesikia?"

"Amesikia," alisema Madut. "Amefunga hoteli yake na kusema hatoki mpaka yule aliyemwita mwizi aje mbele yake."

"Vizuri. Basi anajulikana alipo. Nipeleke."

"Na sisi je?" aliuliza Gatluak.

"Ninyi endeleeni kucheza, kapteni. Hospitali haina hata timu."

Hoteli ya Amou ilikuwa kibanda cha mabati na turubai karibu na soko, benchi nne na jiko la mkaa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jerotich alibisha kama mtu wa serikali.

"Nani?"

"Ni mimi niliyekuita mwizi."

Mlango ulifunguka mara moja. Amou alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwembamba, alama za Kidinka kwenye paji la uso, mwiko mkononi. Alimtazama Jerotich kutoka juu, na kweli ilibidi atazame chini.

"Wewe? Mdogo hivi? Sema sasa, mimi niliiba nini?"

"Hukuiba kitu, mama. Naomba kuingia. Nimetoka Lodwar bila kula."

Ilikuwa kweli, na lilikuwa jambo ambalo mwenye hoteli hawezi kulipuuza. Amou aliushusha mwiko, akamimina chai, akasukuma sahani ya mandazi. Lakini hakukaa.

"Mpira yangu ilitoka," alisema. "Huyu Nawoi alitoa. Mimi naona na macho yangu. Nyinyi watu wa Lodwar mnataka kunipasua tena, mimi nakataa."

"Mgongo unauma?"

"Kila mtu hapa mgongo inauma. Tunabeba maji."

"Ukikojoa?"

Amou alishusha sauti. "Inavuta hapa," alisema, akigusa ubavu wa kushoto. "Na rangi ni kama hii chai. Lakini ni jua. Kakuma ni jua."

Jerotich alipangusa mikono. Alitoa zile karatasi mbili mkobani, akazichana, akaiweka mipira mezani, mmoja karibu na mwingine, katikati ya sahani na sukari. Mmoja ulikuwa mnene, wa rangi ya hudhurungi, na puto lake. Mwingine ulikuwa mwembamba, wa buluu, umejikunja ncha zote mbili.

"Onyesha ule uliouona ukitoka."

Amou hakufikiri hata kidogo. Kidole chake kilienda kwenye ule mnene.

"Huu."

"Na huu mwingine? Umewahi kuuona?"

Amou aliinama. Aliugusa mkia wa ule wa buluu kwa ncha ya kidole, ukajikunja wenyewe kama mdudu, akarudisha mkono haraka.

"Hii ni nini?"

"Hii iko ndani yako. Kutoka figo mpaka kibofu. Ilitakiwa kukaa wiki sita."

Nawoi, aliyekuwa mlangoni, alijishika mdomo. Amou alitazama huku na huku, akimtafuta wa kumlaumu. Jerotich hakumwacha ahangaike.

"Mimi ndiye niliyepiga simu mwaka jana. Niliuliza kama mpira umetoka, sikuuliza upi. Nikaandika kwenye daftari kwamba umemaliza. Nawoi hana kosa, wewe huna kosa. Kosa ni langu. Kama unataka kunipiga na huo mwiko, nipige ndani ya gari, kwa sababu daktari wa kuutoa anaondoka kesho saa sita, na figo unayo moja."

Maji ya chai yalianza kufurika jikoni. Amou aliyaepua.

"Mimi nimekaa kambi miaka kumi na mbili," alisema. "Daktari nimeona wengi. Hakuna hata moja amesema kosa ni yake." Akafunika makaa kwa majivu, akavua aproni. "Ngoja nivae viatu."

Saa tisa walikuwa barabarani, Amou na Nawoi nyuma, karatasi ya ruhusa kwenye mfuko wa Nawoi. Kilomita arobaini kabla ya Lodwar, Ekiru alisimamisha gari. Laga ambayo asubuhi ilikuwa mchanga mtupu sasa ilikuwa na ulimi wa maji ya kahawia, unakuja taratibu, ukisukuma vijiti na povu mbele yake.

"Inakuja," alisema Ekiru.

"Imefika wapi?"

"Sasa hivi goti ya mbuzi. Baadaye kidogo, shingo ya ngamia."

"Basi tuko wakati wa mbuzi. Kanyaga!"

Ekiru alikanyaga. Maji yalipiga chini ya gari kama ngoma, Nawoi alipiga kelele, Amou alishika dari kwa mikono miwili na kusema kitu kirefu kwa Kidinka ambacho Jerotich alikichukua kuwa sala. Gari liliteleza, likatikisa mkia, likapanda ukingo wa pili likichuruzika. Walipogeuka kutazama, njia waliyopitia haikuwepo tena.

"Ile ilikuwa sala?" aliuliza Jerotich.

"Hapana," alisema Amou. "Ilikuwa matusi."

Kabla jua halijazama Jerotich alimlaza Amou chini ya mashine, akampiga picha, akaingia chumba cha giza. Alipotoka na filamu inayodondosha maji, Daktari Barasa alikuwa anamngoja kwenye kisanduku cha taa.

Mpira ulikuwepo. Mstari mweupe mwembamba, ukishuka kando ya uti wa mgongo. Ukoko haukuwa mwingi. Mwenye hoteli hunywa chai na maji siku nzima, na hilo lilikuwa limemsaidia. Lakini kule juu, karibu na figo, mahali ambapo pangekuwa na mkunjo mmoja mzuri, palikuwa na kidonge cheupe kilichosongamana.

"Huo mkunjo siupendi," alisema Jerotich.

"Umejikunja mara mbili tu. Hutokea."

"Siupendi."

"Wewe hupendi kitu chochote, Jerotich. Kesho saa moja asubuhi."

Saa moja kamili Amou alikuwa mezani, amechomwa ganzi ya mgongo, hana miguu lakini ana mdomo. Nawoi alikaa nje kwenye benchi la ukumbini. Jerotich, amevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia miale, alisimama pembeni na mashine yake ya kusukuma, kaseti nne za filamu tayari. Hospitali kubwa zina mashine inayoonyesha mwili kwenye kioo daktari anapofanya kazi. Tumaini ilikuwa na Jerotich. Kila picha ilimaanisha kupiga, kuchomoa kaseti, kukimbia hatua thelathini hadi chumba cha giza, dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili, kukimbia tena. Dakika sita, akijitahidi.

Barasa aliingiza darubini kwenye kibofu, akaupata mkia wa mpira, akaubana kwa koleo ndogo. "Huyu hapa," alisema. "Njoo, njoo, mzee." Akavuta. Mpira ulishuka, ncha yake ikatokeza nje, ya buluu iliyofifia kuwa ya maziwa. Inchi mbili. Tatu.

Ukagoma.

Barasa alivuta tena kidogo sana. Amou, ambaye hakupaswa kusikia kitu, alisema, "Daktari, kitu imeshika moyo yangu."

Barasa aliachia palepale. Jasho lilimtoka juu ya barakoa.

"Picha."

Jerotich alipiga, akakimbia. Dakika sita baadaye aliiinua filamu mbele ya dirisha, na wote wawili wakaona. Kile kidonge kilikuwa kimeshuka hadi kwenye mlango wa figo, kimekaza. Hakikuwa mkunjo. Mpira ulikuwa umejifunga fundo.

"Miaka kumi na minane," alisema Barasa kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na minane naweka vitu hivi, hili nimelisoma tu. Wanaoliandika ni wachache dunia nzima." Kwa nukta moja macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeona ndege wa ajabu. Kisha yakazimika. "Nikivuta, nang'oa mrija wa mkojo kwenye figo. Figo yenyewe ndiyo hiyo hiyo. Itabidi nimfungue ubavuni."

"Una muda?"

"Sina muda. Na damu ya kundi lake kwenye friji ni chupa moja. Lakini sina njia nyingine."

"Mnasema nini?" aliuliza Amou. "Semeni Kiswahili ya wazi."

"Mpira umejifunga fundo ndani, mama," alisema Jerotich. "Tunatafuta namna ya kulifungua." Kisha, kwa Barasa: "Nipe picha moja zaidi kabla hujashika kisu. Nimlaze mshazari. Fundo umeliona kutoka mbele tu. Ukitazama kiatu kutoka mbele unajuaje kamba imepita wapi?"

"Dakika sita?"

"Tano."

Alikunja blanketi, akalisukuma chini ya ubavu wa Amou, akainamisha kichwa cha mashine. "Vuta pumzi. Shika. Shika! Achia." Akakimbia. Katika ule mwanga mwekundu alisimama juu ya beseni akitikisa filamu na kuhesabu kwa sauti. Fundo lilianza kujichora. Kutoka mbele lilikuwa donge. Kutoka ubavuni lilikuwa na mlango.

Hakungoja filamu ikauke. Aliingia chumba cha upasuaji kwa bega, maji ya dawa yakimtiririka hadi kiwikoni.

"Hilo si fundo! Ni kitanzi! Tazama, ncha imepita mara moja tu, haijarudi. Binti yangu wa darasa la kwanza hufunga viatu hivi kila asubuhi, na vinafunguka kabla hajafika getini."

Barasa aliisogelea filamu hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Limekaza kwa sababu nimevuta," alisema.

"Basi usivute. Rudisha. Sukuma."

Walitazamana juu ya barakoa. Kila kitabu kinafundisha kutoa. Hakuna kinachofundisha kurudisha. Barasa alicheka kicheko kifupi cha woga, akainama, na kwa vidole viwili akausukuma mpira urudi ndani, nukta kwa nukta, mpaka inchi moja ikapotea. Kisha akaomba waya, ule mwembamba wa chuma wenye ncha laini, akauingiza katika tundu la mpira lililokuwa nje.

"Unapanda," alisema. "Unapanda... umegota kwenye ukoko. Ngoja." Alizungusha waya kati ya vidole kama mtu anayesokota uzi. "Umepita! Mungu wa Bungoma, umepita!"

"Wa Bungoma peke yake?" aliuliza Amou.

"Nyamaza, mama, usinichekeshe."

Picha. Jerotich alikimbia. Ukumbini Nawoi aliinuka, akataka kuuliza, akaona uso wake, akakaa. Aliporudi na filamu hakuhitaji kueleza. Waya ulikuwa umefika kwenye kitanzi na ulikuwa unakilazimisha kunyooka. Kile kidonge kilikuwa kimefunguka kuwa duara kubwa la uvivu, kama kamba iliyotupwa chini.

"Ongeza," alisema.

Barasa aliongeza. Alisimama. Akaongeza tena. Kisha akashika mpira, akaacha waya palepale ulipo, akavuta kwa vidole viwili, pole, pole, kama anayetoa uzi kwenye jicho la mtoto. Inchi mbili. Tatu, mahali pale pale ulipogomea. Hakuna mtu aliyepumua.

Ukapita. Ukaja wote, mrefu, mweupe kwa ukoko, mkia wake wa juu umepinda vibaya, ukaanguka kwenye sinia ukisema tiki.

"Bado," alisema Barasa kabla mtu hajafurahi. Alikuwa sahihi, na Jerotich alijua. Mpira kutoka ni jambo moja. Kama njia ilichanika wakati fundo lilipokwama, mkojo ungemwagika tumboni na Amou angeipoteza figo bila kisu chochote. Barasa aliteleza mrija mwingine juu ya ule waya, akaingiza dawa ya rangi, ile inayoonekana nyeupe kwenye picha. "Piga."

Ilikuwa kaseti ya mwisho. Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika ishirini.

Chumba cha giza kilinuka siki kama kawaida yake. Jerotich aliitumbukiza filamu, akaitikisa, na mara ya kwanza tangu jana asubuhi hakuwa na mtu wa kumwamuru wala kitu cha kukimbilia. Alisimama tu. Filamu ilikuwa ya kijivu. Kisha ikaanza kuwa na mifupa. Pingili za mgongo, moja, mbili. Mbavu. Aliinama karibu zaidi. Kama dawa imevuja, ingetokea kama wingu, doa lisilo na mpaka, kando ya mgongo. Alitafuta wingu.

Kikombe cha figo kilitokea kwanza, cheupe, na vidole vyake vidogo vimekunjuka. Chini yake mstari. Ulishuka. Ulifika mahali pa fundo, ukawa mwembamba, mwembamba kama unywele, na Jerotich akajisikia akisema "shuka, shuka wewe" kwa sauti ile anayowaamshia watoto. Ukashuka. Ukanenepa, ukapita nyonga, ukaingia kibofuni. Pembeni, kushoto na kulia, palikuwa peusi, safi.

Alisahau dawa ya pili, ile inayozuia filamu isiingie weusi kwenye mwanga. Alitoka nayo hivyo hivyo, akampita Nawoi bila kusimama, akaufungua mlango kwa teke.

"Haijachanika! Nzima! Kutoka juu mpaka chini, nzima!"

Barasa aliitazama filamu iliyokuwa tayari inaanza kuingia weusi pembeni. Aliitazama sana. Kisha akaketi kwenye kigoda chake chenye magurudumu na kufungua mikono yake iliyokuwa na glavu, kama mtu aliyetua gunia.

"Nitaacha mrija mwembamba wa siku tano, wenye uzi unaotokeza nje," alisema. "Nawoi atabandua plasta, atavuta uzi, basi. Hauhitaji darubini, hauhitaji mimi."

"Mama Jerotich," alisema Amou kutoka mezani. "Kiswahili ya wazi."

Jerotich alimwinamia.

"Figo yako ni nzima, mama. Njia yake ni nzima. Utarudi kupika."

Amou alitazama dari. Kifua chake kilipanda mara moja, mara mbili, na mwili ambao nusu yake haikuwa na hisia ukatoa kigelegele kirefu, chembamba, kikali, kilichogonga vigae vya chumba na kutoka nje kupitia mlango ulioachwa wazi. Ukumbini Nawoi alikidaka na kukijibu. Mahali fulani wodini mwanamke mwingine, asiyejua hata ni habari gani, akajibu pia.

"Mama, tulia!" alipiga kelele Daktari Barasa, akiokoa vyombo vyake mezani. "Tulia, unatikisa meza, bado sijamaliza!"